Bunduki ya wenzo, nta ya nyuki na vilima vya Gusii

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kukabidhi urais wa Marekani, na kati ya bunduki alizokuja nazo kulikuwa na Winchester ya muundo wa 1895 ambayo aliisifu mno kwa kuwaangusha simba. Juni msafara wake ukavuka nyika kavu hadi sehemu aliyoiita Sotik, mashariki ya vilima vya Gusii. Leo jina hilo ni la mji ulio jirani na Borabu, Kaunti ya Nyamira, ambako majani chai yamefunika kila mteremko na mnyama mkubwa unayeweza kukutana naye ni ng'ombe wa maziwa.

Winchester ile haikuwa na komeo la kuvuta nyuma kama bunduki nyingi za kijeshi za wakati huo. Chini ya kifyatulio palikuwa na wenzo wa chuma, pete ndefu inayopokea vidole. Ukiusukuma chini na mbele, ganda tupu linaruka nje. Ukiurudisha, risasi mpya inaingia mtutuni, na bunduki haijaondoka begani. Aliyeibuni, John Browning, ndiye aliyebuni pia ile ya 1894, ambayo Wamarekani wamenunua mamilioni na bado wanaitundika ukutani karibu na jiko. Risasi za Roosevelt zilikuwa za kisasa kwa wakati wake: baruti isiyotoa moshi, na kichwa kilichovikwa shaba. Lakini bunduki za wenzo zilizotangulia zililishwa vichwa vya madini ya risasi matupu, na hadi leo kuna wazee wastaafu Marekani, Kanada na Australia ambao huyeyusha madini hayo wenyewe, wakayamimina kwenye kalibu, wakajaza maganda kwa mkono mmoja mmoja, ili bunduki ya babu itoboe karatasi mahali pamoja.

Ninauleta ufundi huo kwa wasomaji wa Kisii na Nyamira kwa sababu moja. Kwingine ni burudani ya Jumamosi. Hapa kwetu ulizuiwa kwa mkataba wa kimataifa, miaka 17 kabla ya Mwingereza kujenga boma lake Getembe, mji wa Kisii wa leo.

Bunduki za wenzo ziliwahi kupita mikononi mwa Waswahili kabla ya hapo. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipoandaa safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, aliandikisha zaidi ya wanaume 600 Unguja. Orodha ya shehena yake inataja Remington 510, Winchester 50 za kufyatua mfululizo, tani mbili za baruti na fataki 350,000. Baruti ya kupima na fataki za rejareja ni vitu vya gobori, na gobori ndiyo iliyokuwa bunduki ya watu katika njia zote za biashara kutoka pwani hadi Kongo.

Mwenye gobori alikuwa kiwanda chake mwenyewe. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia kitambaa, akaingiza goroli, akashindilia kwa kijiti. Goroli ilipokosekana alitia vipande vya chuma au kokoto. Ndani ya mtutu mlikuwa laini kama bomba la maji, na goroli ilitoka ikigonga kuta, ikaelekea ilikogonga mara ya mwisho. Ukikaribia sana unaua. Ukiwa mbali unatoa kishindo tu.

Kilichobadilisha mambo ni michirizi. Chonga ndani ya mtutu mifereji inayojizungusha, na kichwa cha risasi kitatoka kikizunguka kwenye mhimili wake, kikashika njia moja hewani badala ya kupinduka. Ili kifanye hivyo, hata hivyo, lazima kiikamate michirizi. Kikiwa chembamba mno, moshi moto wa baruti unapenya pembeni na kulamba madini, na baada ya milio michache mtutu unajaa utando wa kijivu. Kikiwa laini mno, kinachunika badala ya kuzunguka. Kikiwa kigumu mno kwa baruti hafifu, hakitanuki kuziba mwanya. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanzia. Kwanza anasukuma kipande laini cha madini ya risasi kupitia mtutu mzima, anakipima kwa kipimo cha skrubu, ndipo anapojua bunduki yake inahitaji kichwa cha unene gani. Hatazami kilichoandikwa kwenye chuma. Bunduki za zamani hazilingani hata zikitoka kiwanda kimoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza tangu 1871. Nayo ni ya wenzo, ingawa inabeba risasi moja tu kwa wakati. Mtambo wake ulitokana na Friedrich von Martini wa Uswisi, michirizi yake saba ikatoka kwa Alexander Henry wa Edinburgh. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 31, sehemu 12 za madini ya risasi kwa sehemu moja ya stani, ile inayotumika kwenye lehemu, ili kiwe kigumu kidogo. Kilizungushiwa karatasi laini ili kisiguse chuma. Nyuma yake, kati ya kichwa na gramu tano na nusu za baruti nyeusi, palikaa kidonge cha nta ya nyuki. Baruti nyeusi huacha masizi magumu, na kila mlio unaukaza mtutu. Nta iliyeyuka, ikalainisha masizi, na mlio uliofuata ukayasukuma nje. Nta hiyo ndiyo inayonifurahisha katika mambo yote haya. Himaya nzima ilitegemea mzinga wa nyuki.

Sasa mtazame anayemimina kwa mkono. Kalibu lake ni vipande viwili vya chuma vyenye mishikio kama koleo, na katikati kuna tundu lenye umbo la kichwa cha risasi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Vichwa vya kwanza hutoka na mikunjo, kwa kuwa kalibu bado ni baridi na madini yameganda kabla ya kujaza kona. Hivyo vinarudishwa chunguni bila majonzi. Baadaye vinatoka vikiwa na mng'ao, kona kali. Kalibu likipata moto mno vinatoka na ukungu mweupe kama umande. Fundi anakata shina lililobaki juu ya tundu, anafungua kalibu, kichwa kinaangukia kitambaa kilichokunjwa ili kisibonyee. Kisha kazi ya mezani: kila kimoja kwenye mizani, vizito kundi lao, vyepesi kundi lao, maana kilicho chepesi kina kiputo cha hewa ndani, na kiputo kisicho katikati hufanya kichwa kiyumbe kikizunguka. Mifereji ya ubavuni inajazwa nta iliyochanganywa na mafuta. Mdomo wa ganda unapanuliwa kidogo ili ukingo wake usikwangue madini wakati wa kuingiza.

Mmarekani mmoja, Franklin Mann, alitumia miaka mingi na fedha zake mwenyewe kutafuta ni nini hasa kinachoharibu shabaha, akachapisha matokeo yake mwaka huohuo wa 1909 Roosevelt alipokuwa huku. Aliharibu vichwa vya risasi makusudi, vingine puani, vingine kwenye kitako, akavipiga. Pua iliyobonyea haikudhuru sana. Kitako kilichopindika hata kidogo kilitupa risasi kando, kwa sababu kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu, na moshi ukitoka upande mmoja mapema unakisukuma. Tangu hapo kila mmiminaji hukagua kitako kwanza. Wengi wanaoanza hukagua pua, kwa sababu pua ndiyo inayopendeza.

Bunduki ya wenzo ina masharti yake mengine. Nyingi huweka risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa fataki ya ile. Kwa hiyo pua lazima iwe bapa. Ikiwa na ncha kali, mshtuko wa mlio unaweza kuifanya ilipue ya mbele. Mdomo wa ganda nao hubanwa ili springi ya bomba isisukume kichwa ndani. Tena katika bunduki nyingi za aina hii mtambo hujifunga upande wa nyuma, mbali na ganda, na chuma hujikunja kidogo kila mlio, maganda yakarefuka na kuchoka mapema. Ndiyo sababu wajuzi huzilisha baruti ya kiasi. Anayetafuta nguvu zaidi katika bunduki ya miaka 100 hatafuti shabaha, anatafuta hospitali.

Ukiyaondoa hayo yote ya madini na moto, kinachobaki ni kufanya kitu kilekile mara nyingi bila kutofautiana. Hapo mtu wa Gusii hahitaji kufundishwa. Huko Tabaka, Mugirango Kusini, mtu huketi na jiwe jeupe au la waridi lililochimbwa mita chache kutoka alipo, akalichonga kwa panga, kisu na tupa mpaka likawa seti ya sataranji. Askari wa sataranji ni 16, wanane kila upande, na mnunuzi wa Ulaya atamrudisha yule mmoja aliyezidi kimo. Mchongaji anawapanga mstarini, anafumba jicho moja, anampunguza mrefu kichwani, kisha wanawake wanawasugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Hakuna mizani wala kipimo cha skrubu. Mawe ya jamii hiyo, yanayoitwa ya sabuni, ndiyo yaliyotumika kwingine kuwa makalibu: mafundi wa kale wa Ulaya walimimina shaba humo, na Marekani walowezi na wenyeji walichonga ndani yake makalibu ya goroli za bunduki, kwa kuwa yanakatika kwa kisu na yanastahimili moto. Jiwe la Tabaka lina mchanganyiko wake wa madini, na kulidai linafaa kazi hiyo kunahitaji kupimwa. Lakini mikono ilikuwapo, nta ilikuwapo mizingani, wahunzi wa mikuki walikuwapo. Nini basi kilichokosekana?

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia saini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Usultani wa Zanzibar ulikuwa mmojawapo. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, isiingizwe bunduki, baruti wala risasi ila kwa ruhusa ya serikali zilizojipa maeneo hayo. Kwa mwenyeji uliachwa mlango mmoja mwembamba, bunduki ya gumegume isiyo na michirizi na baruti ya kawaida ya kibiashara, nazo chini ya masharti. Wanadiplomasia waliokaa mezani walijua vyema walichokuwa wakikigawa. Hawakuchora mpaka kati ya mwenye bunduki na asiye nayo. Waliuchora kwenye michirizi: anayeweza kulenga, na anayeweza kupiga kelele. Sababu iliyotajwa ilikuwa watumwa, na ni kweli wafanyabiashara ya watumwa waliishi kwa bunduki. Ila mkataba huohuo uliziachia serikali za kikoloni ziagize zitakacho, na hakuna aliyeshangaa.

Gusii haikupata hata hiyo gumegume kwa wingi wa kutajwa. Wanajeshi wa Uingereza walipoingia mwaka 1905, walikutana na mikuki na ngao. Afisa wa polisi aliyekuwapo, W. Robert Foran, aliandika baadaye kwamba bunduki ya rashasha ilifyatuliwa muda mrefu mpaka ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto, na kwamba mamia ya wapiganaji walilala mbele ya mraba wa askari. Hakuyaita mapigano. Mwaka huohuo, kusini mwa mpaka, wapiganaji wa vita vya Maji Maji walikuwa wakizikabili rashasha za Wajerumani kwa magobori na dawa ya maji. Ni wao waliokuwa na gobori. Sisi tulikuwa na mkuki mtupu.

Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimngoja njiani mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, akamchoma mkuki. Moraa wa Ng'iti, nabii wa kike, ndiye anayekumbukwa kwa kuwachochea vijana. Northcote hakufa, aliishi na hatimaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na Wagusii wengi wanaamini kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Adhabu iliyofuata iliteketeza nyumba na kuswaga ng'ombe, na taarifa za simu zilipofika London zikisema watu 160 wameuawa bila hasara kwa upande wa serikali, Winston Churchill, wakati huo naibu katika Wizara ya Makoloni, alijibu kwamba hayo yanafanana na machinjo na kwamba Bunge likiyapata, mipango yote ya himaya hii itatiwa doa. Ni vizuri kusoma sehemu zote mbili za jibu lake. Aliona damu, na aliona Bunge pia.

Katika kisa hiki chote shabaha haikuhitajika. Rashasha haimchagui mtu. Sikubaliani na wanaoandika kana kwamba ulengaji bora wa askari ndio uliomshinda Mgusii. Kilichomshinda ni wingi wa risasi zilizofanana, zilizotoka kiwandani kwa makasha, mbele ya watu ambao mkataba ulihakikisha hawana hata moja ya kujibu.

Miaka sita baadaye watu wa Gusii walipata nafasi ya kutazama wageni wakipigana wenyewe. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka, kikaingia mji wa Kisii, na tarehe 12 King's African Rifles wakakikuta hapo. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza aliuawa. Usiku pande zote mbili zikajiondoa, mji ukabaki bila mwenyewe, na wakazi wa vilima wakashuka wakabeba kila kilichobebeka katika ofisi, maduka na misheni.

Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani Afrika Mashariki zilianza vita hiyo na Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi yenye kichwa cha madini ya risasi cha gramu 25 kilichozungushiwa karatasi, binamu wa ile ya Martini. Haikuwa bunduki mbaya kwa shabaha. Tatizo lilikuwa wingu jeupe lililotokea mbele ya askari kila alipofyatua, likamwonyesha adui pa kulenga. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alilalamikia moshi huo, na ushindi wake wa Tanga Novemba mwaka huo ulimfaa kwa namna nyingi, mojawapo ikiwa mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa ufukweni. Risasi ya kumiminwa ilikuwa imezeeka vitani. Ikabaki kuwa ya wawindaji, kisha ya washindani wa shabaha, kisha ya wastaafu.

Huku kwetu haikubaki hata ya wawindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Anayetaka bunduki leo huomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti hicho huhesabu risasi zake. Kutengeneza au kuweka baruti bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Risasi zinazotengenezwa nchini hutoka kiwanda cha serikali Eldoret. Kwa hiyo mkazi wa Keroka au Ogembo atakayesoma makala haya akatamani chungu na kalibu, asijaribu. Polisi hawatamuuliza kama alikuwa akitafuta shabaha. Binafsi nadhani sheria iko sawa. Katika nchi ambako risasi inayopotea huishia kwa jambazi, sioni hoja ya kuruhusu karakana za risasi nyuma ya nyumba.

Kuna pia hatari isiyo ya kisheria. Madini ya risasi ni sumu, na yanapatikana kirahisi mno: vizani vya kubalansi magurudumu katika kila gereji, betri kuukuu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, chubwi za nyavu za wavuvi upande wa Homa Bay. Yanayeyuka kwenye moto wa makaa wa kawaida. Vumbi lake hushika mikono, mikono hushika ugali, na mtoto huathirika ubongo kabla mtu yeyote hajaona dalili. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyushia betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 baada ya mapambano marefu yaliyoongozwa na Phyllis Omido. Wamiminaji makini wa ng'ambo hufanya kazi nje penye upepo, na hawali wala kuvuta sigara mezani hapo. Tone moja la maji likiingia kwenye chungu hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini moto usoni.

Mwenye cheti na bunduki ya wenzo aliyoirithi bado anaweza kuitafutia shabaha kihalali. Kwanza aipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa, aangalie kama michirizi haijalika na mtambo haujalegea. Baruti nyeusi iliyopigwa zamani bila mtutu kuoshwa huacha vishimo vya kutu ambavyo hakuna risasi itakayovisamehe. Kisha anunue kwa mfanyabiashara mwenye leseni pakiti moja moja za viwanda tofauti, azipige kwenye uwanja wa shabaha akiwa ameegemeza bunduki mahali pamoja, risasi tano kwa kila aina, na apime matundu yalivyokaribiana. Asishangae ghali ikishindwa na rahisi, maana kila mtutu una chaguo lake. Akishapata inayokusanya vizuri, asome nambari ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti, na safari ijayo aulize kama zimebaki za nambari hiyohiyo, kwa kadiri cheti chake kinavyomruhusu.